Si betri kila mara: namna ya kuitambua na kuibadilisha alteneta inayokufa katika gari la zamani

Gari linakataa kuwaka asubuhi. Mwenyewe huilaumu betri, hununua nyingine, na kwa siku chache mambo huwa shwari. Wiki mbili baadaye betri ile mpya nayo huzimika. Kwa mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya gereji, kisa hiki si kigeni. Mara nyingi mkosaji si betri, bali ni alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari wakati injini inapozunguka.

Kosa hilo la kutambua lina gharama mbili. Ya kwanza ni fedha: dereva wa teksi anayenunua betri mbili kwa mwezi amepoteza pato la siku nyingi bila kuponya ugonjwa. Ya pili ni usalama. Barabara ya RN1 inapanda kutoka Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, kwa kona nyingi na ukungu wa mara kwa mara. Gari linalopoteza taa na moto wa injini usiku katika mteremko huo huwaweka hatarini waliomo na wanaokuja mbele yake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua alteneta inayochoka, vipimo vya kufanya kabla ya kutoa fedha, na hatua za kuibadilisha.

Kazi ya alteneta

Betri ina kazi kubwa moja, nayo ni kuizungusha stata ili injini iwake. Baada ya hapo, umeme wa taa, plagi, pampu ya mafuta, waipa na redio hutoka kwenye alteneta, ambayo pia huirudishia betri chaji iliyotumika. Kwa hiyo betri ni ghala, na alteneta ndiyo shamba. Ghala jipya halitajaa ikiwa shamba halitoi mavuno.

Mashine hii hutumia kanuni iliyobainishwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikizunguka karibu na waya uliosukwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Mkanda unaotoka kwenye injini huizungusha puli ya alteneta, na puli huizungusha sumaku ya umeme iliyo ndani. Vipande viwili vidogo vya kaboni hugusa pete za shaba na kuipelekea sumaku hiyo umeme wa kuanzia. Umeme unaozaliwa huwa wa kupishana, unakwenda na kurudi. Diodi huugeuza uwe wa kwenda upande mmoja, kwa kuwa huo ndio unaofaa kwa betri. Kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta, huhakikisha kwamba volti hazipungui wala hazizidi.

Magari ya zamani zaidi yalitumia dainamo. Mwaka 1960 gari la Valiant la kampuni ya Chrysler ya Marekani lilitoka kiwandani likiwa na alteneta kama kifaa chake cha kawaida, na baadaye watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Ubora wa alteneta ni kwamba hutoa umeme wa kutosha hata injini inapozunguka polepole, kama ilivyo kwa gari lililokwama katika msongamano wa mjini.

Katika gari la miaka 15 au 20, kila sehemu iliyotajwa hapo juu imekwisha kuchakaa kwa kiasi fulani. Kaboni huisha kwa kusuguana, beringi hukauka grisi, diodi huungua kwa joto, na mkanda hulegea au kupasuka. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini huingia ndani na kuzichafua kaboni. Maji ya matope hufanya uharibifu wa namna hiyohiyo, na mafuriko kama yale yaliyoikumba Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura, mwaka 2020, yanaweza kuiharibu alteneta nzima ya gari lililozama hadi kwenye injini.

Dalili za mapema

Dalili ya mvua ni mawingu, na alteneta ni nadra kufa bila kutoa taarifa.

Ya kwanza ni taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo inapaswa kuwaka. Injini ikiwaka, inapaswa kuzimika. Ikibaki imewaka, alteneta haichaji. Ikiwaka kwa unyonge au kumetameta, kaboni au diodi zinashukiwa. Jambo ambalo wengi hawalijali ni kwamba taa ambayo haiwaki kabisa ufunguo unapofunguliwa nayo ni dalili mbaya. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuianzisha alteneta hupitia kwenye taa hiyo. Balbu ikiungua, alteneta nzima inaweza kushindwa kuanza kazi.

Ya pili ni taa za mbele zinazofifia gari likisimama na kung'aa dereva anapokanyaga mafuta. Waipa kwenda kwa kusuasua na vioo vya umeme kupanda kwa shida ni dalili za jamii hiyohiyo.

Ya tatu husikika katika redio. Msikilizaji akisikia mlio mwembamba nyuma ya sauti ya mtangazaji, unaopanda na kushuka kadiri anavyokanyaga mafuta, asiilaumu redio wala kituo. Mara nyingi diodi moja imeharibika na umeme wa kupishana unavuja kuingia katika nyaya za gari.

Ya nne ni sauti na harufu. Mkanda uliolegea hupiga kelele kali asubuhi au taa zinapowashwa. Beringi iliyokauka huunguruma bila kukoma. Harufu ya mpira unaoungua au waya unaoungua haifai kupuuzwa hata kwa safari moja fupi.

Vipimo vinavyoamua

Dalili hutuelekeza tu. Uamuzi hutokana na vipimo. Mita ndogo ya umeme inatosha, na fundi yeyote wa umeme wa magari anayo. Kabla ya kupima, tazama mkanda kama upo, kama umekaza na kama haujapasuka. Kisha safisha vichwa vya betri kama vina unga mweupe au wa kijani, na hakikisha vibanio vya waya havichezi. Matatizo mengi huishia hapo.

Kipimo cha kwanza: pima betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na chaji ya karibu nusu. Chini ya 12 imekaribia kuisha.

Kipimo cha pili: washa injini na upime tena palepale. Kwa kawaida mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa namba ni ileile ya kabla ya kuwasha, au inaendelea kushuka, alteneta haichaji. Ikizidi 15, kidhibiti kimeharibika na betri inachemshwa. Betri ya namna hiyo hupungukiwa maji upesi na hutoa harufu ya mayai yaliyooza.

Kipimo cha tatu: washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa, kisha ongeza mzunguko wa injini kidogo. Alteneta nzima hubaki juu ya volti 13. Iliyochoka, hata kama ilifaulu kipimo cha pili, hushuka mzigo unapoongezeka. Ndiyo maana gari la namna hiyo huenda vizuri mchana na kusumbua usiku.

Kipimo cha nne ni cha diodi. Geuza mita ipime umeme wa kupishana, kisha pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inazunguka. Alteneta nzima hutoa namba ndogo sana, na ikizidi nusu volti, diodi zina kasoro. Baadhi ya mita za bei nafuu hutoa hapa namba kubwa zisizo na maana, kama 25 au 28. Namba hizo zisihesabiwe, bali tafuta mita nyingine.

Kwa asiye na mita, kuna njia moja inayosaidia katika magari mengi ya zamani. Injini ikiwa imezimwa, fungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kisha sogeza spana ya chuma nyuma ya alteneta, mahali penye beringi. Ikivutwa kama kwa sumaku, umeme wa kuanzia unafika ndani. Isipovutwa, kaboni zimeisha au umeme haufiki. Na ukiigusa alteneta alfajiri kabla ya kuwasha gari, ukaikuta ina uvuguvugu, diodi imeungana ndani na imekuwa ikiinyonya betri usiku kucha. Hapo betri mpya haitasaidia kitu.

Jaribio ambalo halifai kufanywa

Wapo mafundi ambao bado huijaribu alteneta kwa kuchomoa waya mmoja wa betri injini ikiwa inazunguka. Gari likizimika, husema alteneta imekufa; likiendelea, husema ni nzima. Desturi hiyo ina asili yake katika zama za dainamo. Katika gari lenye alteneta, betri ndiyo inayoyameza mawimbi ya ghafla ya volti. Ikiondolewa, volti zinaweza kuruka juu kwa mpigo mmoja na kuunguza diodi, kidhibiti, redio au kompyuta ya injini. Gari lililoingia gereji na tatizo dogo hutoka na tatizo kubwa, na jaribio lenyewe halikuthibitisha chochote.

Mteja ana haki ya kusema kwa adabu: "Fundi wangu, naomba usichomoe betri, tupime kwa mita kwanza." Fundi anayeijua kazi yake hatachukia.

Kabla ya kuihukumu alteneta

Inawezekana alteneta inazalisha vizuri lakini umeme haufiki kwenye betri. Injini ikizunguka na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye bolti ya waya mnene nyuma ya alteneta, na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Tofauti inapaswa kuwa ndogo, takriban volti 0.3 au chini ya hapo. Fanya vivyo hivyo kati ya bodi ya alteneta na kichwa cha hasi. Namba ikiwa kubwa, tatizo ni waya uliooza, kibanio kilicholegea au fyuzi kubwa iliyoungua. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo sana vikilinganishwa na alteneta.

Betri nayo ipimwe. Betri iliyokufa huilazimisha alteneta kufanya kazi bila kupumzika hadi ikaungua. Mara nyingine vyote viwili vimekwisha, na kubadilisha kimoja bila kingine ni kukiua kile kipya.

Kutengeneza au kubadilisha?

Si kila alteneta mbovu inapaswa kutupwa. Kaboni zikiisha, fundi wa umeme anaweza kuweka nyingine. Beringi, kidhibiti na hata sahani ya diodi hubadilishwa pia, mradi vipuri vipatikane. Lakini nyaya zilizosukwa ndani zikiwa zimeungua na kuwa nyeusi, au pete za shaba zikiwa zimelika sana, ni busara kuibadilisha mashine nzima.

Magari mengi yanayotumika Burundi yalitumika kwanza Japani, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo sababu tunaona usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Vipuri vingi vilivyotumika navyo hufuata njia hiyohiyo. Katika kununua alteneta iliyotumika, zingatia haya:

- Nenda na ile ya zamani. Linganisha masikio ya kufungia, nafasi ya matundu ya bolti, umbo la soketi ya nyaya, na idadi ya mifereji ya puli. Zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa tundu moja.
- Soma kibandiko chake. Ampea zisiwe chini ya zile za awali. Alteneta dogo katika gari lenye kiyoyozi halitadumu.
- Izungushe kwa mkono. Izunguke laini, bila kukwaruza wala kuyumba.
- Omba ijaribiwe kwenye mashine ya majaribio au kwenye gari kabla ya kulipa, na mkubaliane kwa maandishi muda wa kuirudisha.

Hatua za kuibadilisha

Katika magari mengi madogo ya zamani, kazi hii ni ya saa moja au mbili kwa mtu mwenye spana za kawaida. Asiye na uzoefu na amwachie fundi, lakini kuzijua hatua kutamsaidia kujua kama kazi imefanywa inavyopasa.

1. Zima injini, iache ipoe, kisha fungua waya wa hasi wa betri na uuweke mbali. Hatua hii haina mbadala. Waya mnene wa alteneta una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja hutoa cheche kali inayoweza kuunguza mkono au kuwasha moto.
2. Piga picha kwa simu ya njia ya mkanda na mahali pa kila waya.
3. Legeza bolti ya kukazia, sukuma alteneta kuelekea injini, kisha utoe mkanda. Katika magari yenye kikazio cha springi, kikazio ndicho kinachosukumwa.
4. Chomoa soketi ya nyaya kwa kubonyeza kifungio chake, usivute nyaya. Kisha fungua nati ya waya mnene chini ya kifuniko chake cha mpira.
5. Ondoa bolti za kufungia huku ukiishika alteneta kwa mkono mmoja, kwa kuwa ni nzito.
6. Safisha mahali inapokaa, hasa pale panapogusana chuma kwa chuma, kwani hapo ndipo umeme wa hasi unapopita. Weka mpya na uingize bolti zote kwa mkono kabla ya kuzikaza.
7. Rudisha waya mnene, soketi na mkanda. Mkanda uliopasuka ubadilishwe palepale. Wa kukazwa kwa bolti ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, unapaswa kuzama takriban sentimita moja. Uliolegea huteleza; uliokazwa kupita kiasi huua beringi.
8. Rudisha waya wa hasi mwisho, washa gari, na urudie kipimo cha pili na cha tatu. Usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya kuziona namba hizo.

Jambo moja husahaulika: betri iliyoisha kabisa ichajiwe kwanza kwa mashine. Alteneta mpya ikilazimishwa kuijaza betri tupu tangu dakika yake ya kwanza, hupata joto kali na inaweza kuungua mapema.

Ikifa ukiwa njiani

Taa nyekundu ikiwaka safarini, usizime injini kwanza, kwa sababu huenda isiwake tena. Zima kiyoyozi, redio, feni na kila kisicho cha lazima. Tazama pia mshale wa joto: katika magari mengine mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka. Joto likipanda, simama na uzime.

Hesabu ya muda ni nyepesi. Betri ndogo ina takriban ampea-saa 45 ikiwa mpya na imejaa. Taa mbili za mbele peke yake hutumia karibu ampea 9. Ukiongeza plagi, pampu ya mafuta, taa za nyuma na waipa, matumizi yanaweza kufika 20 au zaidi. Betri haiwezi kutumika hadi tone la mwisho, kwani volti zikishuka injini hukatakata na kuzimika. Kwa hiyo dereva wa usiku ana takriban saa moja, na mwenye betri iliyochoka ana pungufu ya hapo. Mchana, bila taa, muda huongezeka.

Injini ikinyamaza ghafla, usukani huwa mzito, na kanyagio la breki huwa gumu baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa hiyo aliyeko Bujumbura jioni, taa hiyo ikiwa imewaka, asianze kupanda kuelekea Bugarama kwa matumaini kwamba atafika. Na aliyekwisha kuwa mlimani atafute mahali pa wazi pa kusimama wakati taa zake bado zinamwonyesha njia, aweke alama ya tahadhari nyuma ya gari, kisha aite msaada.

Kuvipima vyote vilivyotajwa hapa huchukua dakika chache na mita moja. Ni bora dakika hizo zitumike mchana, gerejini, kabla ya kununua betri ya pili.